Hamira Isiyoogopa Ukali

Kiwanda kinachotengeneza asidi ya laktiki kwa bakteria hutoa vitu viwili: asidi iliyoagizwa na mteja, na jasi ambayo hakuna aliyeiagiza. Kwa kila tani ya asidi hubaki takriban tani moja ya jasi. Chanzo ni hulka ya bakteria wenyewe. Wanakula sukari na kutoa asidi, lakini asidi hiyo ikizidi inawalemea. Kipimo cha pH kikishuka wanapunguza kasi, kikishuka zaidi wanaacha kazi kabisa. Kwa hiyo mwendesha mtambo humwaga chokaa kwenye tangi saa baada ya saa ili kuutuliza ukali. Asidi inaungana na chokaa na kuwa chumvi. Mteja naye hataki chumvi, anataka asidi. Basi mwishoni hutiwa asidi ya salfuriki ili kuikomboa ile ya laktiki, na chokaa yote iliyotumika inageuka jasi yenye unyevu, iliyochafuka kwa mabaki ya kilichokuwamo tangini. Sehemu yake hupata matumizi. Nyingine hubaki malundo.

Carl Wilhelm Scheele, mkemia wa Sweden, aliitenga asidi hii mwaka 1780 kutoka kwenye maziwa yaliyochacha. Leo imo kwenye vyakula, kwenye dawa na vipodozi, na zaidi ya yote ndiyo malighafi ya PLA, plastiki itokanayo na mimea ambayo hutengenezewa vikombe, vifungashio, nyuzi za printa za 3D na hata nyuzi za kushonea vidonda. Anayenunua kikombe cha PLA aghalabu anafanya hivyo kwa kuwa anajali mazingira. Kwamba nyuma ya kikombe hicho kulikuwa na chokaa iliyochimbwa, asidi ya salfuriki iliyosafirishwa na lundo la jasi lisilo na mwenyewe, ni jambo lililowakera watengenezaji wenyewe kabla halijamkera mtu mwingine.

Nimefuatilia kwa muda mrefu kazi ya watu waliolishughulikia jambo hili, na kila ninapoirudia heshima yangu kwao inaongezeka. Wangeweza kutafuta chokaa ya bei nafuu zaidi, au namna bora ya kuchuja jasi. Wao waliuliza swali la mtu anayewafahamu viumbe: katika viumbe vidogo vyote, ni yupi ambaye ukali huo haumsumbui? Jibu lilipatikana kwenye jamii ya hamira, ingawa siyo hamira tunayoinunua dukani kwa ajili ya maandazi.

Hamira ya maandazi, ambayo wanasayansi huiita Saccharomyces cerevisiae, inajulikana kuliko ndugu zake wote. Mwaka 1996 ilikuwa ya kwanza, miongoni mwa viumbe wenye seli zenye kiini, kusomwa jenomu yake yote. Ukiipa jeni mpya, inaipokea na kuiweka mahali ulipokusudia. Anayeanza utafiti huanza nayo, na ana haki. Lakini zimeshaelezwa kitaalamu spishi zaidi ya 1,500 za hamira, na nyingi zinaishi mahali ambapo ile ya maandazi isingedumu: kwenye mafuta, kwenye utomvu wa miti, kwenye asali, kwenye mikaktasi inayooza. Wataalamu wamezoea kuziita zote kwa pamoja hamira zisizo za kawaida, na kwa miaka mingi zilikaa kwenye majokofu ya makavazi ya vijidudu zikisubiri mtu mwenye shida inayofanana na makazi yao.

Wa kwanza kuifanya hamira itoe asidi ya laktiki kwa wingi walikuwa watu wa mvinyo. Mwaka 1994 Sylvie Dequin na Pierre Barre, wa Montpellier nchini Ufaransa, waliingiza kwenye hamira ya maandazi jeni ya bakteria inayotengeneza kimeng'enya kiitwacho laktati dehidrojenesi. Nia yao ilikuwa kupata mvinyo wenye uchachu wa kutosha. Mwaka uliofuata Danilo Porro na wenzake wa Milano walitumia jeni ya ng'ombe, safari hii wakiilenga asidi yenyewe. Kimeng'enya hicho huiwahi piruvati, ambayo imesimama njia panda ndani ya seli, na kuigeuza asidi ya laktiki kabla haijaelekea kwenye ethanoli. Kwa nadharia kazi ilikuwa imekwisha. Tangini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Ugumu uko kwenye hesabu ya nishati, na hapa inafaa kwenda polepole. Hamira ikivunja molekuli moja ya glukosi bila oksijeni hupata ATP mbili, na ATP ndiyo nishati ambayo seli hulipia karibu kila kazi yake. Ikitengeneza ethanoli, zile mbili ni faida yake, kwa kuwa ethanoli hupenya utando wa seli na kwenda zake. Asidi ya laktiki haiondoki kirahisi hivyo. Ndani ya seli, ambako hakuna ukali, imegawanyika: laktati upande mmoja, protoni upande wa pili, na vyote viwili sharti visukumwe nje. Mwaka 2004 watafiti wa Delft, Uholanzi, waliitengeneza hamira ya maandazi isiyo na njia nyingine ila ya laktiki, wakaikuta haiwezi kukua pasipo oksijeni. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba gharama ya kuitoa asidi huenda inakula ATP zote mbili. Kiumbe kinafanya kazi kutwa na hakibaki na kitu.

Asidi ikishatoka, sehemu yake inarudi. Nje pakiwa na pH iliyo chini ya 3.86, zaidi ya nusu ya asidi ya laktiki iko katika umbo lake zima lisilogawanyika, na umbo hilo hupenya utando bila kubisha hodi. Likiingia linagawanyika, linaacha protoni ndani, na seli inalazimika kutumia ATP nyingine kuitoa tena. Ni hali ya mtu anayefua maji kwenye ngalawa inayovuja: anaweza kudumu muda mrefu maadamu ana chakula na mikono haijachoka, lakini nguvu zake zote zinaishia kwenye kufua. Hamira ya maandazi hufua hivyo hadi inaishiwa. Ndiyo maana wengi waliojaribu kuitumia walijikuta wanarudi kwenye chokaa, kidogo kidogo, mpaka faida waliyoitafuta ikapotea.

Kuna hamira iliyozoea maisha hayo. Jina lake la kitaalamu hivi leo ni Pichia kudriavzevii, na Mtanzania aliyekunywa togwa ya nyumbani huenda ameshakutana nayo. Mwaka 2003 Mugula, wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, pamoja na wenzake wa Tanzania na Norwei, walichapisha orodha ya hamira walizozitenga kwenye togwa. Ilikuwamo ile ya maandazi. Zilikuwamo Candida pelliculosa na Candida tropicalis. Na ilikuwamo Issatchenkia orientalis, ambalo ni jina jingine la hamira hii hii ninayoizungumzia.

Mpishi wa togwa huanza na uji, wa mahindi, wa mtama, wa ulezi au hata wa muhogo, kutegemea mahali alipo. Ukiiva anauacha upoe hadi uwe vuguvugu, kisha anautia kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, mara nyingi ulezi. Uji uliokuwa mzito unalegea mbele ya macho yake, kwa sababu vimeng'enya vya kimea vinaukata wanga kuwa sukari. Akiwa na togwa ya jana anaongeza kidogo iwe chachu, anafunika, anaondoka. Bakteria wa laktiki wanashika kazi, na ndani ya siku moja pH inashuka kutoka karibu 6 hadi karibu 3 na nusu. Vijidudu vingi vya maradhi haviwezi kuishi humo. Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, walionyesha mwaka 1994 kwamba kuhara kulikuwa kwa nadra zaidi kwa watoto waliolishwa uji uliochachushwa kuliko kwa wale waliolishwa uji usiochachushwa.

Sasa fikiria mtungi huo kutoka upande wa hamira. Ndani yake kuna sukari, hewa kidogo, joto la nchi yetu, na asidi ya laktiki inayoongezeka kila saa. Bakteria ndio wanaoitoa. Hamira inapaswa kuvumilia au kufa. Kila mpishi anapochota chachu ya jana na kuitia kwenye uji wa leo, anawavusha wale tu waliosalimika kwenye ukali wa jana. Kesho atawavusha waliosalimika leo. Huo ni uteuzi, na ni uteuzi mgumu kuliko unaofanywa kwenye maabara nyingi, kwa sababu hausimami na hausamehe. Mpishi hana darubini wala hahitaji. Anajua kwa kunusa na kuonja chachu ipi iko hai na ipi imekwenda kombo, anajua uji ukiwa wa moto mno utaiua, anajua chombo kipi kinatunza na kipi kinaharibu. Naiweka kazi hiyo daraja moja na ya watu wa maabara nitakaowaeleza. Sidai kwamba hamira za viwandani zilitoka kwenye togwa: spishi hii imetapakaa duniani, kwenye maganda ya matunda, kwenye kakao inayochachushwa, kwenye kinyunga kilichochacha. Ninachosema ni kwamba mtungi wa togwa na tangi la kiwanda vinamwomba kiumbe yule yule jambo lile lile.

Kutapakaa huko kuliipa majina mengi. Aldo Castellani, daktari wa Kiitaliano ambaye miaka michache kabla alikuwa Entebbe akichunguza malale, aliieleza mwaka 1910 akiwa Ceylon, na kutokana na kazi yake madaktari wakaja kuiita Candida krusei. Kudryavtsev wa Urusi aliieleza upya mwaka 1960 kama Issatchenkia orientalis. Wachina walikuwa na yao, waliyoiita Candida glycerinogenes kwa sababu walikuwa wakiitumia kutengeneza gliserini viwandani. Waliofanya kazi na majina haya walisoma majarida tofauti na kuhudhuria mikutano tofauti. Mwaka 2018 Alexander Douglass, Kenneth Wolfe na wenzao wa Dublin walizisoma jenomu za nasaba nyingi za makundi yote, wakathibitisha kwamba ni spishi moja yenye majina manne. Jenomu yake haifiki herufi milioni 11, imegawanyika kwenye kromosomu tano.

Kampuni ya Cargill ya Marekani ilipotafuta hamira ya kutengenezea asidi ya laktiki, hati zake za hataza zinataja spishi kadhaa ilizozishughulikia: Kluyveromyces marxianus, ambayo inapenda maziwa, Candida sonorensis, inayoishi kwenye mikaktasi inayooza, na Issatchenkia orientalis. Hii ya mwisho ndiyo iliyoshika. Mwishoni mwa miaka ya 2000 njia ya hamira ilianza kutumika Blair, Nebraska, mahali ambapo NatureWorks ina kiwanda cha PLA chenye uwezo wa tani 150,000 kwa mwaka. Sukari inatokana na mahindi. Chokaa inayotumika ni sehemu ndogo ya ile ya zamani, na jasi ikapungua kwa kiasi hicho hicho.

Sentensi hizo chache zinaficha kazi ya miaka, na kazi yenyewe ndiyo inayonivuta.

Kwanza, hamira hii haina utiifu wa ile ya maandazi. Ukiipa jeni, mara nyingi inaichomeka popote inapoona pana mpasuko kwenye kromosomu, hata ukiwa umeiandikia anuani kwa uangalifu. Mtafiti anapata makoloni mia, anayapima moja baada ya jingine, na anaweza kukuta machache tu yenye jeni mahali pake. Pili, ina nakala mbili za kila kromosomu. Ukitaka kuifuta jeni, huna budi kuifuta mara mbili, na baada ya ufutaji wa kwanza koloni linaonekana sawasawa na lililokuwepo kabla. Kabla ya ujio wa mbinu ya CRISPR katika muongo uliopita, kila hatua ya namna hiyo ilikuwa majuma ya kupanda, kusubiri, kupima na kupanda tena.

Tatu, kuna la kuamua: nini kifutwe. Hamira ina kimeng'enya cha piruvati dekaboksilesi, ambacho ndicho kinachoipeleka piruvati kwenye ethanoli. Ukikiacha, sehemu kubwa ya sukari yako inakuwa pombe. Ukikiondoa kabisa kwenye hamira ya maandazi, unaiua kwa njaa ikiwa kwenye sukari tele, maana inakitegemea hata kwa kujijengea seli. Hamira nyingi zisizo za kawaida hazina utegemezi mkali wa namna hiyo, kwa sababu palipo na hewa hazikimbilii pombe kama ile ya maandazi inavyofanya. Kipengele hiki kinaweza kuonekana kidogo, lakini ndicho kilichoamua mradi mzima. Waliochagua kiumbe walichagua pia makosa ambayo hawangehitaji kuyarekebisha baadaye.

Nne, asidi ya laktiki ina maumbo mawili yaliyogeukiana, la kushoto na la kulia, na kwa PLA usafi wa umbo ni muhimu mno: ukichanganya maumbo bila mpango, plastiki inapoteza uimara na inalainika kwa joto dogo. Bakteria kadhaa hutoa mchanganyiko. Hamira haina mazoea yake katika jambo hili, kwa hiyo inatoa lile tu linalotokana na jeni uliyoipa, kwa usafi unaokaribia ukamilifu.

Na bado kuna hewa. Kwa kuwa hesabu ya ATP haiachi salio pasipo oksijeni, hamira lazima ivutishwe pumzi, lakini kidogo. Hewa ikizidi, inakula sukari kwa ajili ya kukua na kutoa kaboni dioksaidi. Ikipungua mno, inaishiwa nishati ya kuisukuma asidi nje, na tangi zima linasimama. Kati ya hizo mbili kuna ukanda mwembamba, na ukanda huo unasogea kadiri asidi inavyojaa. Mwendesha mtambo anaufuata kwa kusoma vipimo vya gesi inayotoka juu ya tangi lenye ujazo mkubwa kuliko nyumba. Hawa ni watu ambao majina yao hayaandikwi kwenye makala za kisayansi. Bila wao jeni zote zilizopangwa kwa ustadi zisingetoa hata pipa moja.

Watafiti wa Korea Kusini walitoa mwaka 2018 mfano mzuri wa jinsi uvumilivu unavyoweza kuongezwa. Waliipata Pichia kudriavzevii kwenye ganda la zabibu, wakaiondolea jeni ya kwenda kwenye ethanoli na kuweka mahali pake jeni ya bakteria inayotoa umbo la D la asidi ya laktiki, lile ambalo ni adimu na ghali. Kisha wakaacha kuhariri. Waliiotesha kwenye asidi, wakachukua iliyosalimika, wakaihamishia kwenye mazingira magumu zaidi, wakarudia. Mabadiliko yaliyoijenga hamira hiyo mpya hawakuyapanga. Waliyaruhusu yatokee, wakawa tayari kuyatambua. Nasaba waliyoishia nayo ilitoa gramu 135 za asidi kwa lita kwenye pH ya 3.6. Mwenye jicho ataona kwamba hatua hiyo ya mwisho haina tofauti ya msingi na kuhamisha chachu ya jana.

Asidi ya saksiniki inatoa somo la pili. Nayo ni malighafi ya plastiki na viyeyusho, na nyingi hutokana na petroli. Katika hali ya ukali, Pichia kudriavzevii ina vipitishio kwenye utando wake vinavyoirudisha asidi hii ndani ili iliwe. Ni tabia yenye busara kwa kiumbe anayeishi kwenye tunda linalooza, na ni hasara tupu kwa kiwanda. Ilibidi watafiti wavitambue vipitishio hivyo, wavizime, kisha waendelee na mengine. Kundi la Huimin Zhao, Chuo Kikuu cha Illinois, liliripoti mwaka 2023 zaidi ya gramu 100 za saksiniki kwa lita kutokana na juisi ya miwa, kwa pH ya chini. Kabla ya hapo kampuni ya BioAmber ilikuwa imefungua kiwanda Sarnia, Kanada, mwaka 2015, kikitumia hamira iliyotokana na kazi ya Cargill, chenye uwezo wa tani 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2018 kampuni ilifilisika. Hamira ilitimiza wajibu wake. Bei ya petroli na madeni ndivyo vilivyoielemea. Naona ni haki kulisema hilo wazi, kwa sababu kufa kwa kampuni mara nyingi huhesabiwa kuwa kufeli kwa ujuzi.

Lipo jambo zito ambalo mtu anayeipenda kazi hii hana ruhusa ya kulikwepa. Candida krusei, kwa jina lake la hospitalini, ni kuvu inayoweza kuua. Haimdhuru mwenye afya, lakini huwashambulia watu ambao kinga yao imeporomoka, kama wagonjwa wa saratani ya damu walio kwenye matibabu makali, na kwa asili yake haisikii flukonazoli, dawa ambayo hospitali nyingi huitegemea. Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2022 kwenye orodha yake ya kuvu zinazohitaji kupewa kipaumbele. Wale wa Dublin waliozisoma jenomu hawakuona mpaka wowote kati ya nasaba za wagonjwa na zile za kwenye vyakula na viwanda, na ndiyo maana walishauri tahadhari. Kwangu ushauri huo ni sehemu ya ufundi wenyewe. Nasaba ya kiwandani inapaswa kupimwa kwa dawa kabla haijatoka maabara, jeni za usugu zisitumike kama alama za kuitambulisha, na mabaki ya tangi yachemshwe yafe kabla ya kumwagwa. Fundi anayekijua kiumbe chake anajua pia kinachoweza kufanya kikimponyoka.

Hamira nyingine zilipata kazi kwa mantiki hiyo hiyo ya kuanzia kwenye makazi. Huko Ballineen, Ireland, kampuni ya Carbery ilianza mwaka 1978 kutengeneza ethanoli kutokana na maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini. Maji hayo yana laktosi, sukari ambayo hamira ya maandazi haiwezi kuila, lakini Kluyveromyces marxianus inaila kwa raha. Yarrowia lipolytica, mpenzi wa mafuta, ililishwa parafini za petroli na BP ili itoe protini ya mifugo. Baadaye DuPont iliigeuza itoe mafuta ya omega-3 ambayo kwa kawaida hutoka kwa samaki, na samoni wakafugwa kwa hamira hiyo. Kila moja ya hizi ina kisa kirefu, na ningependa kuona mtu akikiandika kwa Kiswahili.

Mimi narudi kwenye joto, kwa kuwa hilo linatuhusu moja kwa moja. Uchachushaji hutoa joto lake wenyewe, na hamira ya maandazi inapenda nyuzi 30 au juu kidogo. Ulaya na Amerika ya Kaskazini maji ya kupoza tangi yanapatikana baridi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Muhoroni, Kenya, ambako kampuni ya Agro-Chemical and Food inageuza molasi kuwa spiriti na hamira ya mkate, au kwenye mabonde ya miwa ya Tanzania, maji ya mto yenyewe ni vuguvugu, na kuyapoza kunataka umeme. Nasaba nyingi za Pichia kudriavzevii hufanya kazi hata kwenye nyuzi 42. Kiumbe anayestahimili joto na ukali kwa pamoja anapunguza gharama ya kupoza, na pia anawazuia vijidudu wavamizi, ambao hawawezi kuishi humo. Kwa viwanda vya nchi za joto, naamini hii ndiyo sifa kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko ile iliyowavutia Wamarekani.

Kuipata nasaba yetu wenyewe hakuhitaji tangi la Nebraska. Kunahitaji sahani za agari zilizotiwa asidi ya laktiki hadi pH 2.5, kabati la kuoteshea lililowekwa nyuzi 42, na togwa kutoka vijiji vingi iwezekanavyo, kila sampuli ikiandikwa imetoka wapi, kwa nafaka gani, na kwa ridhaa ya nani. Siku ya kwanza hakutakuwa na kitu. Siku ya pili huenda pakawa na vidoa viwili vitatu kwenye sahani chache. Hivyo ndivyo vya kuchukuliwa, kuhamishiwa kwenye molasi halisi ya kiwanda, yenye chumvi na uchafu wake wote, na kupimwa tena.